Kuku wa Nyumba Moja Hakingwi Peke Yake

Mara nyingi msiba huanza hivi. Asubuhi mama wa nyumba hufungua tundu la kuku, na tetea mmoja hatoki. Amejikunyata pembeni, manyoya yamemsimama, macho ameyafumba kama mwenye usingizi. Kufikia jioni wagonjwa ni watatu. Siku ya nne jogoo anapinda shingo, anazunguka mara mbili na kuanguka. Juma halijaisha, na ua uliokuwa na kuku ishirini umebaki kimya. Pamoja na kuku hao zimekwenda daftari za watoto, chumvi ya nyumba na kitoweo cha mgeni.

Ugonjwa huo ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Wataalamu waliueleza mwaka 1926 katika kisiwa cha Java, na mwaka huo huo ukazuka karibu na mji wa Newcastle, Uingereza, ambao ndio ulioupa jina lake la kitaalamu. Dalili zake ni kuharisha kinyesi cha kijani, kuhema kwa shida, kulegea mabawa, kupooza miguu na kupinda shingo. Katika kundi lisilochanjwa, unaweza kuua karibu kuku wote.

Hauna dawa

Yafaa jambo hili lieleweke wazi. Mdondo huletwa na virusi, na kuku akisha kuugua hapana dawa ya kumponya. Wapo wanaowanywesha kuku maji ya pilipili, shubiri au majivu. Wengine hununua vidonge vya binadamu na kuvisaga. Fedha hupotea, na kuku hufa. Kinga iliyo ya hakika ni chanjo, nayo yapasa itolewe kuku wakiwa wazima. Ukingoja hata uone wa kwanza amelala, umechelewa.

Kwa miaka mingi chanjo ilikuwa shida kufika vijijini, kwa kuwa iliharibika upesi kwa joto. Ndipo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakiongozwa na Profesa Peter Spradbrow, walipopata chanjo iitwayo I-2, ambayo hustahimili joto kuliko zile za zamani. Tangu mwaka 2002 hadi 2005, Msumbiji, Malawi na Tanzania zilikuwa na mradi wa pamoja wa kuieneza vijijini, na maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam, iliitengeneza. Hata hivyo, kustahimili joto si kutodhurika kabisa. Kichupa kifungwe katika kitambaa kibichi, kikae kivulini, kisiachwe juani hata kidogo.

Kichupa kimoja, nyumba nyingi

Hapa ndipo penye kikwazo ambacho wengi hawakifikirii. Kichupa kimoja cha chanjo hutosha kuku mia moja au zaidi, na kikisha kuchanganywa na maji yapasa kitumike siku ile ile. Mama mwenye kuku wanane akinunua peke yake, atatupa sehemu kubwa ya fedha yake. Kwa hiyo huahirisha, na katika kuahirisha huko mdondo humkuta.

Tena, hata akinunua, kuku wake hawaishi kisiwani. Hudonoa katika jalala la jirani, na kuku wa jirani huja kudonoa kwake. Virusi husafiri kwa kinyesi, kwa nyayo zetu, kwa matenga, na hasa kwa kuku anayeuzwa haraka sokoni kwa sababu ameanza kusinzia. Basi nyumba kumi zikichanga, gharama ya kila kuku huwa ndogo sana, na ugonjwa hukosa mahali pa kuanzia. Mshirikisheni bwana mifugo au mchanjaji wa kijiji, mkapange siku moja kwa wote.

Namna ya kuchanja

Jioni ya siku ya kuamkia kazi, fungeni kuku wote ndani, kwani wakisha kutawanyika alfajiri hawakamatiki. Chemsheni maji ya kuchanganyia, yaachwe yapoe usiku kucha katika chombo kisicho cha chuma. Kiasi cha maji ni kile kilichoelekezwa na watengenezaji wa chanjo.

Asubuhi, mtu mmoja amshike kuku taratibu na kumlaza ubavu, mwingine atone tone moja katika jicho moja. Msimwachilie mpaka tone lienee jichoni. Je, kifaranga apewe nusu? La. Tone ni moja kwa wote, kuanzia kifaranga wa siku moja hadi jogoo mkubwa. Kuku anayeonekana mgonjwa asichanjwe. Mkimaliza, nawani mikono kwa sabuni, wala msijisugue macho, maana chanjo yaweza kuyafanya mekundu.

Kinga haiji siku hiyo hiyo. Huchukua majuma mawili hivi kukamilika. Wala haidumu milele. Yapasa kurudia kila baada ya miezi minne, yaani mara tatu kwa mwaka, ili na vifaranga walioanguliwa katikati wapate zamu yao. Waandikeni kuku katika daftari, na tarehe ya zamu ijayo ikae ukutani karibu na kalenda.

Msiilaumu chanjo bure

Pengine baada ya kuchanja kuku wawili watakufa, na mtu atasema wameuawa na dawa. Huenda walikuwa wamekwisha ambukizwa, ila dalili zilikuwa hazijatokea. Au wameuawa na ugonjwa mwingine, kwani chanjo hii haizuii ndui, minyoo wala kipindupindu cha kuku. Usafi wa banda na maji safi vingali vyahitajika. Kuku mgeni, hata akiwa zawadi ya mkwe, atengwe majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wenzake. Aliyekufa kwa mdondo achomwe au afukiwe shimo refu, asitupwe jalalani.

Kuku ndiye mfugo wa mwanzo wa mama asiye na ng'ombe, na ndiye akiba inayovunjwa usiku mtoto anaposhikwa na homa. Akiba hiyo yaweza kulindwa kwa tone moja, mara tatu kwa mwaka. Jambo la kwanza, basi, si kwenda dukani. Ni kubisha hodi kwa jirani na kumwuliza: wewe una kuku wangapi?