Kuta za Mawe Zisizo na Saruji

Kaskazini ya Tarime, ng'ambo ya mpaka katika Kaunti ya Migori nchini Kenya, lipo boma la kale liitwalo Thimlich Ohinga. Wataalamu wa mambo ya kale hukadiria kuwa lilijengwa katika karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha meta 1.5 hadi 4.5, wala hazikutiwa saruji, chokaa au udongo.

Je, kuta hizo zimesimamaje? Kila ukuta una sehemu tatu. Mawe makubwa yalipangwa upande wa nje na upande wa ndani, kisha nafasi ya katikati ikajazwa vijiwe vilivyozishikamanisha pande hizo mbili. Huko Great Zimbabwe mawe yalichongwa yakalingana. Hapa kila jiwe lilitumika kwa umbo lake, likatafutiwa mahali pa kulikaza. Uzito wa mawe ndio uliofanya kazi ya saruji. Malango nayo yalifanywa mafupi, hata adui hakuweza kuingia bila kuinama mbele ya walinzi.

Lakini nguvu hiyo ndiyo udhaifu wake. Jiwe moja likiondolewa, yaliyo jirani hulegea, vijiwe humwagika, na ukuta huporomoka. Thimlich Ohinga iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Hata hivyo, maboma ya namna hii yaliyoorodheshwa katika eneo la Ziwa Viktoria ni zaidi ya 500. Mengi ya hayo mlinzi wake ni mkulima wa jirani, akijua thamani ya jiwe asilolichukua.