Si Kila Kitu Huchongwa kwa Leza

Katika karakana za Kampala, Nairobi na Dar es Salaam si ajabu siku hizi kumkuta fundi akichonga nembo ya kikosi juu ya ubao wa mvule bila ya kushika patasi. Mchoro umo ndani ya kompyuta, na kazi hufanywa na mwali usioonekana kwa macho, unaounguza mbao mstari baada ya mstari. Zawadi za kumuaga ofisa anayestaafu, vibao vya majina ya milangoni, hata mbao za kukatia mboga, vyote hupita humo. Wateja wengi basi huamini kwamba mashine hiyo hukata chochote ipewacho. Imani hiyo imekwisha kuharibu mashine nyingi, na yaweza kuharibu mapafu ya watu.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwaka 1960. Mwaka 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitengeneza leza itumiayo gesi ya kaboni dioksidi, na hiyo ndiyo iliyomo katika mashine nyingi za karakana hadi leo. Nguvu ya mwali pekee haitoshi. La kuuliza ni kama kitu kinaupokea mwali, kinaurudisha, au kinauacha upite.

Mbao, karatasi, ngozi halisi na nguo ya pamba huupokea vizuri. Pamba hubaki na ukingo wa rangi ya kahawia, ambapo nguo ya poliesta huyeyuka kidogo ukingoni ikajifunga, nyuzi zisichomoke. Jambo hili akina mama washonao watalipenda. Plaiwudi hukatika, ila gundi na mafundo yaliyofichika ndani huweza kuuzuia mwali mahali pamoja na kuuacha mahali pengine. Akriliki, ile plastiki ngumu ya vibao vya maduka, ndiyo hukatika kwa uzuri kupita zote, na ukingo wake hung'aa kana kwamba umepigwa msasa.

Kioo na mawe huandikika tu. Joto hupasua uso wake kwa nyufa ndogo mno, pakabaki weupe wa maandishi, lakini hayakatiki. Chuma, alumini na shaba huurudisha mwali wa kaboni dioksidi kama kioo cha kujitazamia kirudishavyo nuru, na mashine ya wati 40 au hata 100 haifui dafu mbele ya bamba la chuma. Viwandani hukatwa kwa nguvu ya maelfu ya wati ikisaidiwa na gesi ya oksijeni, ufundi uliojaribiwa Uingereza mwaka 1967. Kwa kuandika namba juu ya metali hutumika leza ya namna nyingine, ya nyuzi za kioo. Nayo, ikielekezwa kwenye akriliki iliyo wazi, hupita tu kama jua lipitavyo dirishani.

Askari polisi wanaijua vyema plastiki iitwayo polikaboneti, kwani ngao nyingi zionazo ng'ambo za kuzuia ghasia hutengenezwa kwayo. Kwa macho hufanana na akriliki kama pacha. Jiwe haliivunji, lakini chini ya mwali hugeuka kahawia, hutoa moshi mzito na kushika moto. Moto ndio sababu fundi mwangalifu haiachi mashine peke yake hata kwa dakika moja.

Lakini adui mkubwa ni PVC, plastiki ya mabomba ya maji, ya stika, ya mazulia ya sakafuni, na, hapa ndipo mtego ulipo, ya ngozi bandia. Pochi au mkanda huletwa na mwenye nao kwa nia njema, akiamini ni ngozi ya ng'ombe. PVC ina klorini ndani yake. Ikiunguzwa hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu huwa asidi hidrokloriki. Unyevu huo umo hewani, umo machoni, kooni na mapafuni mwa fundi. Reli za mashine huanza kushika kutu na lenzi huharibika. Feni ya kutolea moshi haiondoi hatari hiyo. Huihamishia nje, penye majirani na watoto wao.

Kipimo chake ni cha zamani na cha bei rahisi. Waya wa shaba nyekundu huchomwa motoni, nje penye hewa, hadi uwe mwekundu na ndimi za moto zisiwe na rangi yoyote ngeni. Kisha, ungali wa moto, hugusishwa pembe ya kile kitu kinachoshukiwa, ukanate chembe tu, na kurudishwa motoni. Moto ukigeuka kijani, klorini imo, na kitu hicho hurudishwa kwa mwenyewe bila kuchongwa.