Kutengeneza Redio Kaseti ya Zamani

Kabla ya simu za mkononi kuenea nchini, watu wengi walihifadhi sauti kwenye kaseti. Walinasa nyimbo za harusi, hotuba na hadithi za wazee. Baadhi ya kaseti hizo bado zimo masandukuni.

Tuseme kwamba nyumbani kwenu, Kasulu, mmeipata kaseti ya namna hiyo. Juu yake pameandikwa: "Hadithi za Bibi". Bibi mwenyewe amekwisha kufariki. Sauti yake, akisimulia kwa Kiha, imebaki katika kaseti hiyo peke yake. Redio kaseti ya zamani ipo juu ya kabati, lakini haijawashwa kwa miaka mingi. Je, mtaitia kaseti ndani ya redio na kubonyeza kitufe mara moja? La, hasha! Redio mbovu yaweza kuutafuna utepe, na sauti ya Bibi isisikike tena. Katika somo hili mtajifunza jinsi redio kaseti inavyofanya kazi na jinsi ya kutafuta hitilafu zake kwa utaratibu.

A. Sauti hukaaje ndani ya kaseti?

Kaseti ya aina hii ilibuniwa na kampuni ya Philips ya Uholanzi. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin, Ujerumani, mwaka 1963. Ndani yake mna utepe wa plastiki wenye upana wa karibu milimeta 4. Upande mmoja wa utepe umepakwa unga laini wa oksidi ya chuma. Chembe za unga huo zaweza kugeuka kuwa sumaku ndogo ndogo.

Bibi aliposema, sauti yake iliitetemesha hewa. Maikrofoni iliigeuza mitetemo hiyo kuwa mkondo wa umeme. Mkondo huo ulipita katika sumaku ndogo ya umeme iitwayo hedi. Utepe ulipopita mbele ya hedi, chembe zake zilipata usumaku, mahali pengine mwingi na mahali pengine mchache, kwa kuifuata sauti. Wakati wa kusikiliza, kazi hii hugeuzwa. Utepe unaosogea huzusha mkondo mdogo wa umeme katika hedi. Mkondo huo hukuzwa, kisha hupelekwa kwenye spika nasi tukasikia.

Utepe husogea kwa mwendo wa karibu sentimeta 4.76 kwa sekunde. Mwendo ukipungua, sauti huwa nzito na ya polepole. Ukizidi, sauti huwa nyembamba na ya haraka.

B. Jaribio: Je, chuma chaweza kuhifadhi usumaku?

Vifaa: sindano ya kushonea, sumaku, na pini chache.

1. Gusisheni sindano kwenye pini. Je, pini zimenata?
2. Isugueni sindano kwa sumaku mara 30, kwa kuelekea upande mmoja tu.
3. Wekeni sumaku mbali, kisha gusisheni tena sindano kwenye pini.

Mtaona kwamba sasa sindano huvuta pini, ingawa sumaku imekwisha kuondolewa. Usumaku umebaki ndani ya sindano. Ndivyo unavyobaki katika utepe pia.

Angalieni! Msiilete sumaku karibu na kaseti. Sumaku huvuruga usumaku wa chembe, na sauti hufutika.

C. Kutafuta hitilafu

Fundi mzuri habadilishi mambo mengi kwa pamoja. Hushughulikia jambo moja, hujaribu, kisha huendelea na jingine. Kwa njia hiyo hujua hitilafu ilikuwa wapi. Fanyeni kazi hii pamoja na mtu mzima. Redio isiunganishwe na umeme wa ukutani. Wakati wa kusafisha, toeni betri pia.

1. Betri. Betri zilizosahauliwa ndani ya redio huvuja, na majimaji yake huzila springi. Zitoeni kwa kutumia karatasi, bila kuzigusa kwa mikono mitupu. Springi zenye kutu zisuguliwe kwa msasa, kisha tieni betri mpya. Redio yenye betri 6 za volti 1.5 hupata volti 9. Betri zikiwa dhaifu, mota huzunguka polepole na sauti huwa nzito.

2. Hedi. Unga wa utepe hunata kwenye hedi. Vumbi jekundu la kiangazi na moshi wa jikoni huingia pia. Hedi ikichafuka, sauti husikika kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Zungusheni pamba kwenye kijiti, ichovyeni kidogo katika spiriti ya hospitali, kisha ipanguseni hedi polepole. Msitumie kisu wala bisibisi. Spiriti huwaka upesi, kwa hiyo iwe mbali na moto.

3. Gurudumu la mpira. Karibu na hedi pana gurudumu dogo la mpira. Gurudumu hili huukandamiza utepe kwenye kijiti cha chuma kinachozunguka, na utepe husogea. Gurudumu likiwa chafu au gumu, utepe hupotoka na kujisokota humo. Hapo ndipo redio "inapotafuna" kaseti. Lipanguseni kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni, kisha likaushwe.

4. Mkanda wa mpira. Ndani ya redio mna mkanda unaopeleka mwendo kutoka kwenye mota hadi kwenye magurudumu, kama mnyororo wa baiskeli. Baada ya miaka mingi mkanda hulegea, hukatika, au huyeyuka na kuwa kama lami. Mkisikia mota ikinguruma huku kaseti haizunguki, shukuni mkanda. Kuubadilisha ni kazi ya fundi au mtu mzima. Yeye hupima njia ya mkanda kwa uzi, na mkanda mpya huwa mfupi kidogo kuliko uzi huo ili ukaze. Mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli haufai sana, kwa sababu upana wake haulingani, na sauti huyumba.

D. Kuisikiliza kaseti ya Bibi

Kwanza jaribuni redio kwa kaseti isiyo na thamani. Ichezeni kwa dakika 10, kisha itoeni na kuutazama utepe. Ukiwa umekunjamana, rudieni kuchunguza gurudumu la mpira.

Redio ikifanya kazi vizuri, chukueni kaseti ya Bibi. Vunjeni vijimeno viwili vya plastiki vilivyoko mgongoni mwake, ili mtu asinase sauti nyingine juu yake kwa bahati mbaya. Izungusheni taratibu kwa kalamu hadi utepe ukaze. Kisha wekeni simu yenye kunasa sauti karibu na spika, chumba kiwe kimya, na mbonyeze kitufe. Fanyeni hivyo tangu mara ya kwanza, kwa maana utepe wa zamani waweza kukatika wakati wowote.

E. Zoezi

1. Kwa nini kaseti isiwekwe karibu na sumaku?
2. Sauti inatoka nzito na ya polepole. Taja sababu mbili. Utachunguza ipi kwanza, na kwa nini?
3. Upande mmoja wa kaseti huchezwa kwa dakika 30. Utepe husogea sentimeta 4.76 kwa sekunde. Tafuta urefu wa utepe huo kwa meta.
4. Waulize wazee wa nyumbani kwenu kama wana kaseti za zamani. Andika ni sauti za nani zilizomo, na zilinaswa lini.