Mafigo na Urithi wa Ukoo

Mwanadamu ana mafigo mawili, nayo yako nyuma, huku na huku ya uti wa mgongo. Ndani ya kila figo mna vichujio vipatavyo milioni moja, vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Kwa siku moja mafigo huchuja lita 180 hivi za maji ya damu, na karibu yote hurudi damuni. Machache yaliyosalia ndiyo mkojo.

Kichujio hiki ni mfano wa kifumbu cha tui. Tui hupita, chicha hubaki. Lakini kifumbu kikitatuka, chicha nayo hupita. Ndivyo ilivyo kwa mwenye kisukari. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huvitatua vichujio, na protini, iliyopasa kubaki damuni, huonekana katika mkojo. Mgonjwa mwanzoni hasikii maumivu yo yote, kwa hiyo hana budi kupimwa mkojo.

Ajabu ni hii: watu wawili huweza kuugua kisukari miaka sawasawa, mmoja mafigo yake yakafa, na ya mwenzake yakadumu.

Kando ya mto Gila, huko Arizona katika Marekani, hukaa watu wa kabila la Pima, ambao kisukari ni kingi mno kwao. Madaktari walianza kuwachunguza mwaka 1965. Mwaka 1990 ilitangazwa habari ya jamaa 316. Kama wazazi hawakuwa na protini katika mkojo, watoto wao wenye kisukari walionekana nayo 14 katika mia. Kama mzazi mmoja alikuwa nayo, 23. Kama wote wawili, 46.

Mtu mwenye akili atauliza: Je, watu wa nyumba moja hawali chungu kimoja? Labda sababu ni chakula, wala si urithi! Swali hilo ni la haki, na hesabu zile peke yake hazilijibu. Ilipasa kutazama jeni zenyewe, yaani zile amri ndogo za mwili ambazo mtoto hupewa na baba na mama. Mwaka 2019 wataalamu walieleza habari za wagonjwa wa kisukari karibu 20,000 wa asili ya Ulaya. Jeni moja, iitwayo COL4A3, huamuru kujengwa kwa utando wa kichujio. Wenye badiliko moja dogo katika jeni hiyo waliugua mafigo kwa uchache kuliko wenzao. Basi urithi mwingine hudhuru, na mwingine hulinda.

Walakini urithi si hukumu. Tangu mwaka 1996 hata 2013, wenyeji wa asili wa Marekani walipimwa mkojo mara kwa mara, wakapewa dawa za kushusha nguvu ya damu na kulinda mafigo, na sukari yao ikaangaliwa. Katika miaka hiyo kufa kwa mafigo kwa ajili ya kisukari kulipungua kwao kwa 54 katika mia, na jeni zao zilikuwa zile zile.