Si Kila Chembe ni Uchafu

Vyungu saba vilitoka motoni vizima, vyekundu, kila kimoja kikilia kama kengele ukikigonga kwa ukucha. Nikavipanga barazani huku nikijisifu. Siku ya nne kimoja kikabanduka kigamba tumboni, kipana kama sarafu, na katikati ya kovu palikuwa na nukta nyeupe. Wiki haijaisha, vimeharibika vitano. Moto sikuukosea. Nilikosea shimoni, nilipochimba udongo katika bonde lililo jirani na ufuo bila kujiuliza pwani yetu imekaa juu ya nini.

Imekaa juu ya matumbawe. Vipande vyake, pamoja na vya makombe, huchanganyika na udongo wa mabondeni, na moto ukipita nyuzi 700 au 800 hivi hugeuka chokaa kali, ile ile ya waashi wa zamani. Chungu kikishapoa, chokaa hiyo hunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo na kufura. Ndani ya ukuta mgumu haina pa kufuria, basi hujitafutia njia kwa kubandua kigamba.

Kipimo chake ni ndimu. Ikamulie juu ya bonge la udongo mkavu: likichachatika na kutoa povu, chokaa imo. Nusu dakika tu, nami sikukifanya. Kama huna udongo mwingine, ukaushe kabisa, uponde, uuloweke mpaka uwe uji, kisha uuchuje kwa chandarua kuukuu kilichokunjwa mara mbili. Usiuloweke ukiwa na unyevunyevu, maana udongo mkavu kabisa ndio unaomumunyuka upesi majini. Chokaa laini kama unga haina nguvu ya kupasua ukuta. Inayoumiza ni chembe unayoweza kuiona kwa macho.

Hapo ndipo mwenye bidii hupotea. Akiona kuchuja kumefaa, huchuja na kuchuja mpaka tope linakuwa kama samli. Kulifinyanga ni raha, lakini chungu hupasuka kikiwa kinakauka, au kikanusurika hapo kikaja kupasukia jikoni.

Udongo mfinyanzi ni vibapa vidogo mno, kila kimoja chini ya milimita 0.002, na maji yaliyo katikati yake ndiyo yanayoviwezesha kuteleza. Maji yakitoka, vibapa husogeleana, chungu kikasinyaa. Bapa la udongo mbichi lichore mstari wa sentimita 10, likauke kivulini, kisha pima tena. Nikikuta 9.4 nafurahi. Nikikuta chini ya 9, najua udongo huo unadai kuchanganywa na kitu kisichosinyaa. Ule mweusi wa mbuga, unaoachia nyufa za kuingia mguu wakati wa kiangazi, mimi siuhangaikii.

Kitu kisichosinyaa kilicho karibu ni mchanga, tena wa mtoni. Wa ufukweni umejaa makombe, utakurudisha kwenye vigamba. Kwa mtungi wa maji unatosha. Kwa chungu cha kupikia napendelea gae lililotwangwa. Chembe za mchanga mweupe hutanuka kwa moto kuliko udongo unaozizunguka, na zikifika nyuzi 573 hujinyoosha ghafla. Gae lilikwisha kusinyaa, moto lilikwisha kuuonja, na hutanuka sawasawa na ukuta lililomo. Natia kipimo kimoja kwa vinne vya udongo. Kuna faida nyingine: ufa ukianza na kukutana na chembe, hupinda na kuishiwa nguvu. Ndiyo sababu chungu cha mchuzi hukwaruza kiganja, na bado hukaa mafigani miaka, mahali ambapo kikombe laini kingepasuka siku ya kwanza. Watu husema mfinyanzi hulia gaeni, wakimcheka. Hawasemi kwamba akishamaliza kula hulirudisha kinuni.

Chembe hizo hizo huokoa chungu motoni. Wanawake wa Kikisi kule Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, huchoma vyungu vyao kwenye moto wa wazi, bila joko, na moto wa namna hiyo hupanda kwa kasi. Unyevu uliobaki ukutani ukigeuka mvuke hudai nafasi zaidi ya mara elfu moja na mia tano. Ukuta wenye chembe una vinjia vya kuutoa; tope la samli halina, hulipuka na kuangusha vya jirani.

Vile vyungu vyangu vitano nilitaka kuvitwanga niviingize katika udongo mpya, mchi ukiwa tayari mkononi. Nikakumbuka chokaa bado imo. Magae nimeyamwaga kwenye tope mbele ya banda la kuku. Kati ya vile viwili vilivyosalimika, kimoja ndicho wanachonywea maji, nami kila asubuhi nakikagua kama kimebanduka.