Mashine ya Kukamulia Haivuti? Kagua Maungio Kabla Hujanunua Pampu

Swali ninaloletewa sana na vijana walioanza kukamua kwa mashine ni hili: "Afisa, vikombe vinadondoka kwenye chuchu, pampu imechoka, ninunue ipi?" Jibu langu huwa moja: subiri kwanza, tukaangalie maungio. Pampu mpya ni hela ndefu. Klipu na kipande cha mpira ni hela ya soda.

Kwa nini fundi bomba wa maji anaweza kukuponza

Bomba la maji linasukuma nje. Likivuja unaona tone, sakafu inalowa, unajua pa kukaza. Bomba la vakumu linavuta ndani. Likivuja, hewa inaingia na wewe huoni kitu. Ng'ombe ndiye anayeona.

Hewa ikiingia ovyo, mvuto unapanda na kushuka. Kikombe kinateleza, na matone ya maziwa yanaweza kurushwa kwa kasi kurudi kwenye tundu la chuchu, yakibeba vijidudu. Hapo ndipo mastaitisi inapopata njia. Ukamuaji nao unachelewa, chuchu zinachubuka, ng'ombe anaanza kupiga teke. Utamlaumu ng'ombe bure.

Geji inasemaje?

Mashine nyingi za ndoo hufanya kazi kati ya 42 na 50 kPa. Kama geji yako inasoma inchi za zebaki, hiyo ni kama 12 na nusu hadi 15. Namba kamili ipo kwenye kitabu cha mashine, ifuate hiyo. Walioko nyanda za juu kama Njombe au Limuru wawe makini zaidi: hewa ya huko ni nyepesi, pampu ileile ina akiba ndogo ya nguvu kuliko ingekuwa Tanga mjini. Tundu dogo kwako ni hasara kubwa.

Kuna kijana mmoja wa ng'ombe wanane alishaambiwa na fundi kwamba pampu imekufa. Tulizima, tukafungua yunioni ya kwanza baada ya geji na regulata, tukaziba hapo kwa kifuniko, tukawasha. Geji ikapanda mpaka 46. Kumbe pampu nzima! Ugonjwa ulikuwa mbele ya ile yunioni: elbo moja ya bomba la maji taka, na mipira miwili iliyofungwa kwa waya. Hela ya pampu ikabaki mfukoni, akanunua pumba.

Fanya jaribio hilo kabla ya kumwita muuzaji. Ukiziba na geji bado iko chini, hapo sasa shughulika na pampu, mkanda wake au regulata.

Kuchagua

*Bomba kuu.* Chuma cha mabati au PVC nene ya maji ya presha vyote vinafaa. Usitumie PVC nyembamba ya maji taka. Soketi zake za pete ya mpira zimetengenezwa kupitisha maji yanayoteremka, siyo kuzuia hewa. Na kipenyo kisiwe kidogo kuliko mdomo wa pampu. Bomba jembamba linakaba hata kama halivuji.

*Kona.* Kila elbo kali inapunguza mwendo wa hewa. Chukua kona ndefu za mviringo, na panga njia ili ziwe chache.

*Mipira.* Chukua yenye ukuta mnene au yenye waya ndani. Mpira laini wa kumwagilia bustani unabonyea ukivutwa, hewa inakatika. Upande wa maziwa, nunua mpira wa chakula tu, laini kwa ndani na unaosafishika.

*Nipo na klipu.* Nipo iwe na mabega, na ipokee mpira kwa kubana, siyo kwa kuingia kirahisi. Klipu iwe ya skrubu. Waya unabana sehemu mbili tatu tu, kisha unakata mpira. Tyubu ya baiskeli ndiyo mdanganyifu mkubwa: mvuto unaivuta juu ya tundu, unadhani umeziba. Ng'ombe akigusa mpira, pananyonya tena.

*Viungo vya kusukuma kwa kidole.* Vingi vilibuniwa kwa hewa ya kompresa. Kabla hujaweka kwenye pulseta, soma maelezo yake kama vinakubali vakumu. Kama hayasemi, acha.

Kufunga

1. Kata bomba sawasawa, ondoa makombo ya ndani na nje. Kombo likibaki ndani litasafiri hadi kwenye valvu.

2. Kwenye nyuzi za chuma, zungusha tepu nyeupe mara 3 au 4 kufuata mwelekeo wa kukaza, ukiacha uzi wa kwanza wazi ili vipande visivutwe ndani.

3. PVC: safisha, paka gundi pande zote mbili, ingiza ukizungusha kidogo, shikilia. Halafu usiwashe pampu! Gundi mbichi inavutwa ndani na kuacha njia ya hewa. Subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, na siku ya baridi ongeza.

4. Bomba lielekee chini kidogo mpaka kwenye valvu ya kutolea maji. Bomba likipinda na kutengeneza tumbo, maji yatakaa humo na kuziba njia. Weka vishikizo vya kutosha.

5. Bomba za kuchomekea ndoo zitoke upande wa juu wa bomba kuu, siyo chini. Zikitoka chini, unyevu na uchafu wote unashukia kwenye pulseta.

6. Weka yunioni karibu na pampu na kila mahali utakapohitaji kufungua. Usigundishe mfumo mzima ukajifungia nje.

Kutafuta tundu

Washa pampu, zima redio, sikiliza. Kisha paka povu zito la sabuni kwenye kila ungio. Usitegemee mapovu yavimbe kama kwenye tairi. Hapa povu linamezwa. Palipomezwa, ndipo penyewe. Zima, fungua, funga upya. Usipake gundi juu ya tundu.

Tahadhari moja: kile kitundu kidogo kwenye kikusanya maziwa, chini ya vikombe vinne, siyo uvujaji. Kimewekwa makusudi kuingiza hewa kidogo ili maziwa yasonge kwenda kwenye ndoo. Nimekuta kimezibwa kwa kijiti. Kisafishe, usikizibe.

Daftari

Andika namba ya geji siku mfumo ulipokamilika, pampu ikiwa imewaka na milango yote imefungwa. Kila Jumatatu linganisha. Ikishuka, anza na mipira, maana panya na jua haviipendi. Mipira ya ndani ya vikombe nayo ina umri: kiwango kinachotumika sana ni ukamuaji 2,500 au miezi 6, kinachotangulia. Ng'ombe 10, seti mbili, mara mbili kwa siku, kila seti inakamua mara 10 kwa siku. Hizo 2,500 zinafika siku ya 250, kwa hiyo miezi 6 inatangulia. Badilisha.

Na ukishaziba matundu, endelea kupima kila ng'ombe kwa kikombe cha michirizi kabla ya kukamua. Ungio zuri linazuia madhara mapya, halitibu kiwele kilichokwisha kuumwa. Ukiona mabonge au damu, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.