Wakanda Itazamwapo Kutoka Masisi

Filamu ya Black Panther, iliyoongozwa na Ryan Coogler na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2018, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani kote. Asili yake ni kijitabu cha katuni cha Marekani cha mwaka 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Inasimulia habari za Wakanda, nchi ya Kiafrika isiyopata kutawaliwa na wageni, yenye utajiri wa madini yaitwayo vibranium. Wengi waliifurahia, na wengi miongoni mwao waliziona dosari zake vilevile.

Kwa msomi wa Kiswahili, dosari ya kwanza ni lugha. Wahusika husema Kiingereza chenye lafudhi za kuchanganya, na wanapotumia lugha ya kwao hutumia Kixhosa cha Afrika Kusini, alichokiingiza mwigizaji John Kani katika filamu iliyotangulia ya mwaka 2016. Kiswahili kimeambulia majina tu: mzee Zuri, ambaye jina lake ni mzizi wa kivumishi uliokosa kiambishi, na watu wa milimani waitwao Jabari. Mji mkuu, Birnin Zana, umeazima neno la Kihausa. Mavazi yamekusanywa kwa Wamaasai, Wazulu, Watuareg na wengineo, kana kwamba bara zima ni kijiji kimoja. Pigano la mwisho, lililotengenezwa kwa kompyuta, linaonyesha miili isiyo na uzito. Na vitani wanaingia vifaru waliovikwa deraya. Mswahili, ambaye lugha yake imekwisha kuliita gari la vita kwa jina la mnyama huyo, hucheka mahali ambapo yamkini waandishi hawakukusudia kuchekesha.

Dosari iliyo kubwa zaidi huonekana vyema kutoka mahali kama Ngungu. Mji huo mdogo uko kusini mwa wilaya ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, kuelekea Kalehe. Katika wilaya hiyohiyo yamo machimbo ya koltani ya Rubaya. Koltani hutoa tantali, metali itumiwayo katika vijenzi vidogo vinavyohifadhi umeme ndani ya simu na kompyuta, na bei yake iliporuka mwaka 2000 vilima vya Kivu vilivamiwa na wachimbaji na wenye bunduki pamoja. Waasi wa M23 waliiteka Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaripoti mwaka huohuo kwamba walikuwa wakipata takriban dola 800,000 kwa mwezi kutokana na ushuru wa madini hayo.

Kwa mtu aliyekulia huko, mgodi wa Wakanda ni kioja. Una reli na magari yaendayo kasi, lakini hauna mchimbaji. Hakuna sururu, hakuna matope, hakuna kijana aliyebeba gunia mgongoni akiteremka mlima, wala anayeuliza atalipwa kiasi gani. Madini yapo tu, kama maji ya mto. Filamu inayojisifu kwa kuirudishia Afrika mali yake imewasahau wanaoitoa ardhini.

Hata hivyo, raha ya mtazamaji huyo haipungui, nayo si raha ya mjinga. Anamtambua mara moja Ulysses Klaue, mwuza silaha aliyeiba madini, maana sura ya namna hiyo si ngeni kwao. Anaisikia hoja ya Killmonger, adui wa mfalme, anayeuliza kwa nini wenye mali walijificha huku ndugu zao wakiteswa, na huenda akaona kwamba adui amesema kweli kuliko mfalme. Zaidi ya yote, anapata saa mbili za kuitazama nchi inayoamua yenyewe nani apewe madini yake. Wakanda hujifanya maskini ili utajiri wake usijulikane. Masisi utajiri unajulikana hadi ng'ambo, na umaskini si wa kujifanya.

Mwishoni, majina ya waigizaji yakiwa yameanza kupita, Mfalme T'Challa anahutubia Umoja wa Mataifa. Mjumbe mmoja anamwuliza taifa la wakulima lina nini cha kuupa ulimwengu. Mkulima wa viazi na maharagwe wa Ngungu analijua jibu kabla mfalme hajatabasamu. Mfalme anatabasamu, hajibu, na picha inakatika kabla ya kutajwa bei.